Maswali ya Wasomaji: Jiografia Chuo Kikuu, Kuanzia Digrii Mpaka PhD

Tangu matokeo ya fomu siksi yatoke simu ya dawati hili haipumziki, na safari hii naona wengi mmekuja na jiografia. Sijui kuna nini, labda ni vile huku kwetu kila ukoo una ticha wa jiografia mmoja na kila mtu ana maoni yake juu ya maisha ya huyo ticha. Nimechagua maswali machache, mengine nimeyafupisha maana kuna ndugu yetu kaandika kurasa tatu na swali lenyewe liko mstari wa mwisho. Majina nimeyatoa yote.

*Shikamoo kaka. Nipo Kasulu, nimemaliza fomu siksi HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili) nimepata division two. Nataka kusoma jiografia chuo ila mjomba ndo atanisaidia gharama na yeye anasema jiografia ni kozi ya kwenda kuwa ticha tu, na maticha wamejaa mtaani hawana ajira. Nimwambieje?*

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa division two. Mjomba hajakosea, ila anaongelea kozi moja na wewe unaweza kuwa unaongelea nyingine. Ipo digrii ya ualimu ambayo ndani yake jiografia ni somo lako la kufundishia, hiyo unaipata vyuo vingi tu, hata chuo cha AMUCTA hapo Tabora ipo, unasoma na saikolojia ya elimu na unaenda BTP, yani mazoezi ya kufundisha shule. Afu ipo jiografia yenyewe kama fani, mfano pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), inaitwa Jiografia na Taaluma za Mazingira, miaka 3, huendi kufundisha kabisa. Mtu akikuuliza unasoma nini ukajibu "jiografia" kavu kavu hajui uko wapi kati ya hizo mbili, na ajira zake hazifanani.

Hiyo ya pili mwaka wa kwanza unaweza kuona kama unarudia fomu siksi, miamba, hali ya hewa, idadi ya watu, makazi. Usidanganyike ukalala. Mwaka wa pili ndo wanaleta takwimu, ramani za kompyuta yani GIS, na rimoti sensingi ambayo ni kusoma ardhi kwa picha za setelaiti, na hapo ndo watu wanaanza kupiga sapu, yani kurudia mitihani, maana walikuja wakijua jiografia ni kukariri tabia za mto wa chini na mto wa juu. We umetoka HGK, hesabu umeiacha fomu foo, kwaiyo nakushauri hii miezi ya kusubiri chuo urudie asilimia, wastani, grafu, vitu vya kawaida kabisa. Kozi kama upimaji ardhi pale Chuo Kikuu Ardhi kwa kombi yako sahau, wale wanataka hesabu kwenye kombi. Shika kitabu cha mwongozo cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, usome sifa za kila kozi mwenyewe, usisomewe na mtu wa steshenari.

Ajira sasa. Waliotoka kwenye hii fani nawaona kwenye mazingira na mipango huko halmashauri, kwenye uhifadhi, kwenye mashirika ya wakimbizi hapo hapo kwenu Kasulu, kwenye miradi ya maji, kwenye takwimu. Wengine wako mtaani wanauza vocha, sitakuficha. Wengi niliowaona wamepata ni wale ambao wakiambiwa "tutengenezee ramani ya vijiji ambavyo havina kisima" wanafungua laptopu wanafanya, hawaanzi kutafuta mtu wa kuwasaidia. Mwambie mjomba hivyo. Na kama hela ni ngumu kabisa msikatae diploma, Chuo cha Ardhi Tabora kipo siku zote, watu wanajifunza mambo ya ramani na usimamizi wa ardhi na baadaye wanaunganisha digrii.

*Mwandishi habari za kazi. Mimi ni mama, nauza mawese na dagaa hapa Ujiji. Binti yangu yuko mwaka wa pili anasoma hiyo jiografia, anasema anataka laptopu na hela ya fildi. Boom la mkopo si anapata? Jiografia na laptopu wapi na wapi, sisi tulisoma kwa atlasi.*

Salama mama, poleni na majukumu. Laptopu ni kweli, hakudanganyi. Ramani siku hizi zinachorwa na kompyuta na akikosa yake atakuwa anagombania maabara ya chuo na wenzake mia. Ila asikwambie ni lazima mpya ya bei mbaya, ya mtumba yenye RAM ya GB 8 inatosha sana, na programu ya kuchorea ramani ya QGIS ni ya bure kabisa, imeanza 2002 na mpaka leo hailipiwi. Akisema programu inanunuliwa huenda anaongelea ArcGIS, ile ni ya gharama kweli lakini vyuo huwa vina leseni zake.

Fildi nayo ipo na ina posho yake kwenye mkopo kwa wanaopewa, mwambie akuonyeshe mgao wake kwenye akaunti ya mkopo, mtaelewana hapo hapo. Boom lenyewe mama likishalipa chumba na chakula haliongei tena.

*Kaka za kazi, mimi niko mwaka wa tatu ila kwetu ni Kigoma mjini. Nimepeleka topiki ya risechi "Athari za mabadiliko ya tabianchi Kigoma" supavaiza kaikataa, nikabadili "Athari za mabadiliko ya tabianchi katika Ziwa Tanganyika" akakataa tena, hata hasemi tatizo nini. Nisaidie topiki.*

Tatizo ni kwamba umemkabidhi topiki ya watu arobaini kwa miaka kumi halafu we una semista moja na boom. Hiyo ya pili ndo umeizidisha kabisa, ziwa lenyewe lina urefu wa kilometa 670 na kitu, kina mita 1,470, linagusa nchi nne, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Unaenda kupima athari wapi humo?

Sikupi topiki, ila nakuonyesha ninavyoichimba mimi, uone inavyopungua. Miaka ya 2020 na 2021 maji ya ziwa yalipanda, nyie watu wa mwambao mnajua, nyumba ziliingiliwa na maji, watu walihama. Mtaani kila mtu anasema tabianchi na kufunga mjadala. Sasa mwanajiografia anaanza kuuliza, hili ziwa linatoka wapi na linaenda wapi? Maji yanaingia kwa mvua na mito, Malagarasi upande wetu na Ruzizi ikitokea Ziwa Kivu, na yanatoka kwa mto mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, ila sehemu kubwa kabisa inatoka kwa kukauka na jua. Kwaiyo mvua zikizidi misimu kadhaa mfululizo ziwa halina pa kupeleka haraka, linapanda. Na sio mara ya kwanza. Miaka ya 1870 wazungu waliopita huku walikuta Lukuga umeziba kwa tope na majani, ziwa likawa limepanda sana, baadaye mto ukafumuka na ziwa likashuka mita kadhaa. Nenda pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone Ujiji, pale walipokutana na Stanley 1871, angalia umbali mpaka maji yalipo sasa hivi. Enzi hizo ziwa lilikuwa jirani kabisa.

Ukishajua hayo swali linakuja lenyewe, na linakuja dogo. Mfano, mtaa mmoja tu wa mwambao, chukua picha za setelaiti za kabla maji hayajapanda na za baada, pima ufukwe umerudi ndani mita ngapi na nyumba ngapi zilikuwa ndani ya mstari huo. Picha ni za bure, za setelaiti za Landsat zipo tangu 1972 na zilifunguliwa kwa kila mtu 2008, kila kipande cha picha zake za sasa kina mita 30 kwa 30, na setelaiti ya Sentinel-2 tangu 2015 ina mita 10. Hapo lazima uchague kwa akili, maana ufukwe ukirudi mita 12 Landsat haitauona vizuri. Afu unaingia mtaani na dodoso, unauliza waliohama wamehamia wapi na kwa nini wengine wamebaki. Hiyo ni risechi ya mtu mmoja na inaisha.

Hutaki maji? Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi ziwani miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Mwalo mmoja, wachuuzi wa dagaa na mgebuka waliishi vipi hiyo miezi, walihamia biashara gani, hiyo ni jiografia safi ya uchumi na mwanamke wa pale Kibirizi atakupa data kuliko maktaba nzima. Au kuni kuzunguka kambi ya Nyarugusu ambayo ipo tangu 1996. Au shirika la Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, lilivyowasaidia watu wa vijiji vya karibu na hifadhi ya Gombe kupanga matumizi ya ardhi kwa kutumia picha za setelaiti, mradi wao wa TACARE umeanza 1994, unaweza kuchukua kijiji kimoja ukaangalia mpango wa kwenye karatasi na msitu wenyewe kama vinaongea lugha moja.

Kingine ambacho hukuuliza ila kitakuchelewesha, barua. Unatoka na barua ya chuo, unaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, anakuandikia ya wilaya au halmashauri, hapo unaandikiwa ya kwa mtendaji wa kata, mtendaji anakupeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. Usiruke hata ofisi moja eti kwa sababu ni kwenu. Ukionekana unauliza nyumba za watu huku unapiga picha na GPS mkononi bila barua, watu watajua unakuja kuwabomolea, na kiukweli kwa mambo yalivyo siwalaumu.

*Hivi mtu anasoma milima na mito mpaka anaitwa dokta? Inawezekanaje? Bodaboda, Mwanga.*

Kaka, we mwenyewe kila siku unaamua upaki kona gani abiria wawe wengi. Kuna watu wameandika vitabu juu ya kitu kama hicho, Mjerumani mmoja Christaller alitoa nadharia yake 1933 kuhusu kwa nini miji mikubwa na midogo na huduma zake inakaa ilipokaa, na inafundishwa mpaka leo. Milima na mito ipo, ila ni nusu ya habari.

*Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari wilaya ya Urambo, nafundisha jiografia. Digrii yangu nilipata GPA (wastani wa alama) ya 2.9. Nataka nisome mastaz halafu PhD nihamie chuo kikuu nikawe mhadhiri. Nianze na mastaz ya jiografia, ya elimu au ya GIS? Na nikisoma mshahara unapanda?*

Marahaba mwalimu. Hili jibu halitakufurahisha lote kwaiyo nianze na zuri. Kuingia mastaz na 2.9 unaingia, vyuo vingi vinaanzia 2.7 yani lower second. Mastaz nyingi ni mwaka mmoja na nusu mpaka miaka miwili, semista za darasani kisha disateshen.

Sasa la uhadhiri. Matangazo ya kazi ya vyuo vya umma kwa tutorial asistanti yanadai digrii ya kwanza GPA 3.8, na kwa mhadhiri msaidizi mastaz 4.0 juu ya hiyo hiyo 3.8. Hiyo ya digrii ya kwanza hairudi nyuma mwalimu, hata ukapata mastaz ya 4.8 bado wanafungua cheti cha kwanza. Mimi naona ni utaratibu mkali kupita kiasi, mtu alikuwa na miaka 21 anakula mihogo hosteli kwa nini umhukumu nao akiwa na 40, ila ndo ulivyo na sio kazi yangu kukupamba. Vyuo binafsi uliza kimoja kimoja. Ila kama lengo pekee ni uhadhiri wa chuo cha umma, piga hesabu mara mbili kabla hujauza shamba.

Mshahara haupandi wenyewe kwa sababu umerudi na cheti, kwaiyo kabla hujaondoka nenda kwa afisa utumishi wa halmashauri ukiwa na barua ya kuomba ruhusa ya masomo, uulize kozi gani inatambulika kwenye muundo wa kada yako na uandikiwe. Kuna walimu wameondoka kimya kimya wakidhani watamalizia likizo, wakarudi wakakuta majina yao yana shida kwenye pei roli. Kama huwezi kuacha kazi, Chuo Kikuu Huria kipo tangu 1992 na kina kituo mkoani Tabora, unasoma huku unafundisha, ni kugumu maana hakuna wa kukuamsha lakini watu wanamaliza.

Kozi ipi? Kama unataka ukuu wa shule au uafisa elimu, soma ya elimu, usijisumbue na setelaiti. Kama unataka kutoka kabisa kwenye chaki, GIS na rimoti sensingi ndo ina njia nyingi. Jiografia yenyewe ni ya mtu ambaye ana swali linamsumbua, na we uko Urambo bana, usiseme huna. Hapo ndo Waingereza walikuja na mradi wao wa karanga baada ya vita, kuanzia 1947, Kongwa, Urambo na Nachingwea, mamilioni ya pauni yakapotea, ukafa mwanzoni mwa miaka ya 50, na baada ya hapo Urambo ikageukia tumbaku. Tumbaku inakaushwa kwa kuni, kuni zinatoka kwenye misitu ya miombo, na miombo hiyo hiyo ndo nyuki wa Tabora wanategemea. Mkulima mmoja ana mizinga na bani la kukaushia tumbaku kwenye boma moja. Nani anaamua mti upi ukatwe? Ukinijibu hilo kwa data ya vijiji viwili una disateshen, na wala huhitaji nauli ya kwenda mbali.

*Habari ya kazi mkuu. Nina mastaz, nafanya kazi shirika moja hapa Kigoma, nataka PhD. Nifanye hapa nchini au nje? Na kingine, nasikia Jane Goodall alipata PhD bila hata digrii ya kwanza, sisi mbona tunadaiwa vyeti mpaka vya la saba?*

Nimecheka hapo kwenye la saba, ila ni kweli tupu. Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960 hana digrii yoyote, alikuwa amesomea ukatibu muhtasi, na Cambridge ilimpa PhD 1966. Ila angalia alikuwa na nini mkononi. Alikuwa ameshaona sokwe wanatumia vijiti kuvulia mchwa, jambo ambalo dunia ilikuwa inasema ni la binadamu tu, na alikuwa na mwanasayansi Louis Leakey wa kumpigia debe. Chuo kilimpokea kwa sababu ya data. Na yeye hakusoma jiografia, alisoma tabia za wanyama, nasema tu kabla hujamtaja kwenye barua ya maombi.

Sasa wewe. Kabla ya kuchagua nchi chagua mtu. PhD unaishi na supavaiza kuliko chuo, kwaiyo tafuta makala za karibuni za kitu unachokitaka, tuseme misitu ya miombo au ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi, ile ambayo 2000 iliingizwa kwenye mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu ikiwa ya kwanza Tanzania, angalia nani anaandika, mwandikie. Emeli fupi, aya tatu, wewe nani, swali lako nini, kwa nini yeye. Usimtumie emeli moja maprofesa ishirini kwenye CC, wanaonana humo. Asipojibu wiki tatu kumbusha mara moja, akinyamaza tena achana naye.

Mifumo inatofautiana na hili watu wengi hawaambiwi. Uingereza unaenda moja kwa moja kwenye tesisi, miaka 3 mpaka 4, darasa ni kidogo sana. Marekani ni miaka 5 au zaidi, miaka ya mwanzo ni darasani na mitihani, lakini mara nyingi idara inakulipia ada na unafundisha wanafunzi wa digrii. Uholanzi, Sweden na Norway nafasi nyingi za PhD ni kazi kabisa, zinatangazwa kama ajira, una mkataba na mshahara, unakatwa kodi. Ujerumani zipo za ajira na zipo za skolashipu ya DAAD, shirika lao la kufadhili masomo, na DAAD hao hao wana mpango wa kukulipia ukisoma ndani ya Afrika. Commonwealth nao wanatoa skolashipu za kusoma Uingereza. Hizi skolashipu kuomba ni bure, wakala anayekwambia umtumie hela ya "fomu ya skolashipu" mblock.

Kusoma hapa nchini usikudharau. Mlimani wana idara ya jiografia na wana Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali ambayo imekaa kwenye mambo ya mazingira miaka mingi, Sokoine Morogoro wako vizuri kwenye misitu. Fildi yako iko hapo mlangoni, familia iko hapo, kazini unaweza kuongea nao. Shida ya hapa ni pesa ya risechi na muda, mtu analipa ada mwenyewe, anafanya kazi mchana, supavaiza ana wanafunzi kumi, miaka 3 ya kwenye karatasi inakuwa 7. Kwaiyo mimi nikiulizwa nje au ndani nauliza nani analipa. Kama ni wewe na mshahara wako, subiri mwaka mmoja uombe skolashipu kwanza. Kama shirika lako linalipa na limekupa hiyo mada kwa maandishi, baki hapa hapa, anza na prapozo mwezi huu, na data ambayo umekusanya kazini omba kibali cha kuitumia mapema, iwe kwenye barua yenye muhuri, maana bosi aliyekukubalia kwa mdomo anaweza kuhamishwa kabla hujafika sura ya pili.